Filamu Haijaoshwa

Wiki jana tulimwacha Phelix Amolo katikati ya ua wa Mama Kiptum, mkono ameunyoosha kupokea filamu. Baadhi yenu mmelalamika kwamba niliwakatizia utamu. Someni basi muone nilichokuwa nawaepushia.

Filamu haikutoka ndani ya nyumba. Ilitoka kwenye kamba ya nguo.

Ilikuwa imening'inia kati ya blanketi na shuka, imebanwa kwa vibanio vya mbao, inapepea kwenye jua la asubuhi. Mama Rebeccah, ambaye majirani wote humwita Mama Kiptum, aliitegua kwa ncha za vidole, taratibu, akamletea. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Phelix hakuwa ameiona tangu mwanawe atiwe ndani.

"Nimekuoshea," alisema kwa lafudhi yake, inayobadilishana b na p, d na t. "Niliona umechelewa, na kesi ni Jumatatu. Nimetumia sapuni kitoko tu, na maji ya mvua. Ya mto iko na uchafu."

Phelix aliitazama. Utepe mzima ulikuwa na rangi ya uji, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na treni. Hapakuwa na daraja. Kiptum hakuwepo.

Akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni.

Wewe unayesoma hapa, mwenye picha zako za harusi ndani ya albamu, unajua maana ya kuosha filamu. Unaipeleka studio, fundi anaingia nayo gizani, anaitia dawa, sura za watu zinajitokeza. Kabla ya hapo, filamu ikiona jua hata kwa kufumba na kufumbua, imekwisha. Phelix alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote kutoka Kipkelion hadi Kericho. Lakini siku alipomwachia mama huyu ile filamu, ili yeye aende mjini kutafuta dawa zilizomwishia, hakutaja dawa wala giza. Alisema hivi: "Mama, hii haijaoshwa. Ikishaoshwa tu, Kiptum ataonekana."

Haya, niambie. Mama aliyelea nyumba nzima ya wavulana akiambiwa kitu hakijaoshwa, atafanya nini? Na ni lini aliwahi kuona mwanamume akiosha chochote?

Aliyataka mwenyewe, utasema, nami sitakubishia. Phelix ni fundi wa stima katika kiwanda cha majani chai, mkazi wa laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, lakini ukimuuliza habari za kazi atakujibu habari za kamera. Ana Zenit ya Mrusi, nzito kama tofali. Ana lenzi ya kuvuta vitu vya mbali. Ana stendi ya miguu mitatu aliyoichomelea mwenyewe kwa vyuma vya kitanda, na chumba cha giza ambacho zamani kilikuwa jiko la mkewe. Eucabeth, huyo mkewe, huiita kamera hiyo mke mwenza, na husema yeye ndiye mkubwa kwa jina tu. Akipata siku ya mapumziko, Phelix haonekani nyumbani. Yuko juu ya kilima fulani, amelala kifudifudi kwenye umande, anamngojea ndege ageuze shingo.

Jumatano ile ya balaa alikuwa anangojea treni. Alikuwa amesikia kwamba treni ya mizigo inapita karibu na Kipkelion ikivutwa na vichwa viwili, naye akakosa usingizi kwa kuwaza vichwa hivyo vikiwa juu ya daraja la chuma. Kiptum, mwana wa mama huyu na rafiki yake wa kufa kuzikana, akambeba kwa pikipiki. Phelix akateremka bondeni na stendi yake. Kiptum akabaki juu, kando ya reli, kuchunga pikipiki na mfuko.

Jioni hiyo hiyo, nyuma ya kilima, banda la kununulia chai la Chebirirwet liliteketea. Mlinzi wake, Mzee Kipkosgei, alitolewa humo akiwa ameungua uso na mikono. Mpaka leo amelala hospitalini na hajaweza kusema neno.

Siku moja kabla ya hapo karani wa banda alikuwa ameyakataa majani ya Kiptum, akisema yamekomaa mno, akamwaga gunia zima chini mbele ya foleni. Kiptum alijibu, na foleni nzima ikasikia, kwamba banda hilo halitaimaliza wiki. Watu hawakuhitaji zaidi. Askari walimtoa kitandani.

"Tulikuwa pamoja muda wote," Phelix alimwambia Koplo Nyaberi, askari wa kesi hiyo. "Sikumtoa machoni." Koplo aliandika, Phelix akatia sahihi. Ushahidi upo, aliongeza kwa majivuno ya mtu wa kamera, kwa maana alimpiga Kiptum picha kabla ya treni na akampiga tena baada ya treni. Koplo akamwambia alete hizo picha.

Hiyo ndiyo filamu iliyokuwa inanukia sabuni mikononi mwake.

Mama Kiptum aliichukua tena, akaiinua juani, akafinya jicho moja.

"Mbona simuoni Kiptum?"

Phelix aliitazama mikono ya mama huyo, yenye weusi wa kuchuma chai usiotoka hata kwa sabuni ile, akafikiria itakuwaje siku atakapojua kwamba mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomfungia mwanawe mlango. Alimwonea huruma hadi akaona aibu. Akadanganya. Alisema picha za filamu hujificha kwanza, na mtu haonekani mpaka awekwe kwenye karatasi.

"Kwa hivyo nimeosha vizuri?"

"Umeosha vizuri, mama."

Uongo una tabia ya kutaka chakula kila baada ya muda mfupi. Mama Kiptum alifunga kitambaa chake cha kanisani, akatia chupa ya chai kwenye kikapu, akasema twende. Hiyo karatasi iko wapi? Anataka kuiona bicha ikitoka. Amengoja vya kutosha.

Wakashika njia ya kuelekea Kipkelion, mama mbele kwa mwendo wa haraka, Phelix nyuma na filamu yake maiti mfukoni. Hakujua anakompeleka. Angeweza kumfikisha kwenye studio yoyote Kericho, na fundi wa studio angecheka, na huo ungekuwa mwisho wa uongo wake na pengine mwisho wa mama huyo.

Mama alizungumza njia nzima, kwa maana furaha ilikuwa imemfungua ulimi. Alisimulia kwamba siku ile Kiptum aliondoka asubuhi na mtungi wa manjano, amemwahidi mafuta ya taa. Hakuleta mafuta, na mtungi wenyewe haukurudi. Alikaa gizani jioni nzima akimlaumu, kumbe mtoto anaandamwa na mabaya. Sasa kila akikumbuka maneno aliyoyasema jioni hiyo anataka kulia.

Phelix aliitikia mm, mm, bila kusikia. Mawazo yake yalikuwa darajani. Angesikia, msomaji wangu, hadithi hii ingegeuka pale pale njiani, katikati ya michai.

Lakini yeye alikuwa anaipitia siku ile upya, pole pole, akitafuta kitu kingine cha kumwokoa rafiki yake. Aliuona ukingo wa bonde. Aliviona vichwa viwili vya treni vikitokea. Akakumbuka kwamba wakati huo huo alitukana kwa sauti, kwa sababu kwenye kilima cha upande wa pili, ndani kabisa ya picha yake nzuri, alisimama mtu mwenye kitu kikubwa begani. Wakati ule alidhani ni mtu amebeba gogo.

Akasimama ghafla katikati ya njia.

Haikuwa gogo. Mtu gani mwingine hupanda kilima na mzigo begani kwa ajili ya treni?

"Bosire," alisema.

"Huyo wa redio?" Mama aliuliza. "Ana karatasi?"

Phelix alisema anayo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitangulia mbele.

Bosire ana duka la kutengeneza redio na televisheni karibu na stesheni, na ana kamera ya video, ile ya kubebwa begani, anayoipeleka kwenye harusi na mazishi. Siku zisizo na harusi wala mazishi huipeleka popote kuna kitu kinachotembea. Yeye na Phelix wanapendana kwa kutaniana. Phelix humwambia kwamba video yake haina subira, inameza kila kitu kama bata. Bosire humjibu kwamba picha za Phelix ni za marehemu, hazigeuki. "Wewe endelea kuosha," husema kila siku. "Yangu haioshwi. Natoa, naona."

Walimkuta ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo. Phelix alimwombea mama kiti kwenye hoteli ya jirani, ile ambayo askari wa kituo huenda kunywa chai, akamwambia kazi ya karatasi hufanyiwa ndani na haitaki watu wengi. Mama alikubali. Alisema atamwomba Mungu hapo hapo.

Phelix aliporudi dukani aliuliza swali lake bila hata salamu. Je, Jumatano ile ya treni, alikuwa kwenye kilima?

Bosire aliendelea kuchomelea waya wake mpaka akamaliza, kisha akakiweka chini chuma cha kuchomelea.

"Omera, ndugu yangu, nilikuwa nakungoja," alisema. "Nilijua utakuja, na kila siku nikaomba usikuje."

Alieleza kwa sauti ya chini kwamba kaseti anayo, ameitazama, na hajamwambia mtu. Mtu kama yeye, aliyekuja hapa kutafuta riziki, hana haraka ya kusimama kortini kwenye kesi ya moto. Mwaka ule wa fujo, wageni walipofukuzwa, alifungasha duka zima ndani ya magunia akakimbia nalo, na aliporudi aliapa kwamba macho yake yatakuwa ya kuangalia redio tu. Hata Phelix, alisema, angefikiria laini anazokaa na majirani alionao kabla ya kuuliza habari za kaseti.

Phelix hakusikia hayo yote. Alisikia neno moja, kaseti.

"Kiptum yuko ndani yake?"

"Yuko."

"Basi ameokoka."

Bosire aliushindika mlango wa duka, akavuta pazia, akaisukuma kaseti ndani ya deki.

"Yangu haioshwi," alisema, safari hii bila mzaha. "Inatoka vile iko."

Televisheni ilikoroma, ikatoa mistari, kisha bonde likatokea. Phelix alisahau shida zake zote kwa muda, na hapo ndipo ujue ugonjwa wake ulivyo. Aliangalia daraja, akaona Bosire amelishika vizuri, akaona pia kwamba jua lilikuwa upande mbaya. Chini bondeni palikuwa na mtu mdogo aliyeinama nyuma ya stendi ya miguu mitatu, makalio juu. Alichukua muda kutambua kwamba mtu huyo ni yeye.

Na kule juu, kando ya reli, alikuwepo Kiptum, na sweta yake nyekundu, na pikipiki.

"Huyo hapo," Phelix alisema. Machozi yalimlengalenga. Alitaka kumkumbatia Bosire.

"Ngoja," Bosire alisema.

Mtu mdogo bondeni aliusogeza mguu mmoja wa stendi. Akalitoa jicho kwenye kamera, akalirudisha. Kiptum alichungulia chini kumtazama. Alichungulia tena. Halafu akaishika pikipiki kwa pembe, akaisukuma kwa mkono, bila kuiwasha, taratibu kwenye majani hadi kwenye mteremko wa njia ya Chebirirwet. Hata kwenye televisheni ile mbovu ulionekana uangalifu wake. Alikuwa hataki injini isikike bondeni.

Nyuma ya kiti palikuwa pamefungwa mtungi wa manjano.

Sasa maneno ya njiani yalimrudia Phelix, moja moja, kwa sauti ya mama. Aliondoka na mtungi wa manjano. Mtungi wenyewe haukurudi.

Reli ilibaki tupu. Mtu mdogo bondeni aliendelea kuipima nuru, akafuta lenzi kwa shati, akasogeza stendi, akairudisha palepale ilipokuwa. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Hata mara moja hakuinua kichwa kuangalia juu. Phelix alimtazama mtu huyo akaona anamchukia. Alitamani kumpigia kelele aondoe jicho lake kwenye hicho kitobo, ageuke, aone.

Sikumtoa machoni. Ndivyo alivyosema. Ndivyo alivyotia sahihi.

Treni ilikuja. Vichwa viwili, kama alivyoahidiwa, vikapita darajani, na mtu mdogo akafyatua kamera yake kama amepagawa. Nyuma ya kilima uzi wa moshi mweusi ulikuwa umeanza kupanda. Kabla behewa la mwisho halijapita, pikipiki ilirudi juu ya mteremko. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Kisha Phelix alijiona akipanda kutoka bondeni, mikono hewani, anaruka kwa furaha. Alijiona akimkumbatia Kiptum. Alikumbuka harufu ya mafuta aliyoisikia kwenye sweta ile, na jinsi alivyofikiri ni ya pikipiki. Alijiona akirudi nyuma kidogo kumpanga rafiki yake kwa picha ya mwisho, na akayakumbuka maneno aliyomwambia. Alimwambia acheke kidogo. Kiptum akacheka, na moshi ukapanda nyuma ya kichwa chake.

Bosire alibonyeza kitufe, picha ikasimama hapo hapo, inatetemeka.

Nje mtu alikuwa anaita wateja wa viatu vya mitumba.

"Labda alienda tu kununua mafuta," Phelix alisema mwishowe. Sauti ilikuwa yake, lakini hakuiamini hata yeye.

"Labda," Bosire alisema.

Akamweleza jambo moja zaidi, akiangalia pembeni. Kaseti yoyote ya maana, yeye huvunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwake, ili mtu asije akarekodi kitu kingine juu yake kwa makosa. Hii pia alikuwa amekivunja. Lakini tangu jana ameziba tundu lake kwa seloteipu. Ukiziba tundu, deki inadanganyika, inarekodi kama kawaida. Vitufe ni hivi viwili, vinabonyezwa pamoja.

"Mimi nilikuwa napiga video ya treni," alisema. "Sikuona mtu. Utakachofanya hapa ni chako, na nikirudi sitauliza."

Akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda uani, akamwacha Phelix peke yake na rafiki yake anayecheka kwenye kioo.

Hebu tukae naye hapo kidogo, ndugu msomaji, maana hapo si pahali pa kumwacha mtu peke yake. Ukimuuliza alimwona nani kwanza moyoni, alimwona Mama Kiptum akiitegua filamu kutoka kwa kamba. Yule mama amekwisha kupoteza ushahidi mmoja kwa mikono yake mwenyewe na hajui. Je, apewe wa pili unaomfunga mwanawe? Kubonyeza ni jambo la kidole tu. Kiptum atatoka Jumatatu, mama atapika chai, na yeye Phelix atabaki shahidi mwaminifu asiyemtoa mtu machoni.

Halafu alimwona Mzee Kipkosgei. Alikuwa amepita hospitalini kumsalimu, kama watu wote, akaiona mikono ile imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, na akasimama miguuni pa kitanda akisema kwa ujasiri kwamba aliyefanya hivi lazima apatikane. Mzee alimtazama tu. Jicho moja ndilo lililokuwa wazi.

Phelix alijisikia mchafu. Hakuwa amechoma kitu, hakuwa ameiba kitu, alikuwa amependa treni. Sasa alitambua kwamba Kiptum hakumbeba siku ile kwa urafiki. Kiptum alimjua. Alijua kwamba ukimweka Phelix nyuma ya kamera unaweza kuuhamisha mlima asijue, na kwamba baadaye ataapa kwa Mungu kwamba mlima haukuhama. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alipendwa kwa ajili ya upofu wake.

Au labda si hivyo. Labda kweli alienda tu kununua mafuta.

Alipiga magoti mbele ya deki. Alipapasa vitufe viwili akavipata. Kimoja kilikuwa na doa jekundu. Aliweka kidole juu ya kimoja, na kingine juu ya kingine, akafumba macho.

Mlango wa mbele ulifunguliwa.

Phelix aligeuka bila kuinua vidole. Mama Kiptum alikuwa ameingia na kikapu chake, nuru ya nje imemfuata, naye hakumtazama Phelix hata kidogo. Alikuwa anatazama televisheni. Alikiweka kikapu chini. Mkono ulimwenda mdomoni.

"Huyo ni Kiptum," alisema.

Alisogea hadi kwenye kioo, akaugusa uso wa mwanawe kwa kidole chenye weusi wa chai, akakiondoa haraka asije akamchafua. Moshi nyuma ya kichwa cha Kiptum hakuuona, au aliuona akadhani ni wingu. Alicheka na kulia kwa pamoja. Alisema sasa anamwona. Alisema mtoto amekonda, lakini huyo ni yeye, na hilo ndilo daraja, kila mtu analijua lile daraja.

"Mama," Phelix alisema. "Keti kwanza, nikueleze kitu."

"Nitaketi Jumatatu."

Badala yake mama ndiye aliyemweleza, huku anajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Mungu alikuwa amemjibu kabla chai haijapoa. Koplo Nyaberi mwenyewe alikuwa ameketi meza ya pili pale hotelini, na yeye akapata nguvu, akamwendea, akamwambia bicha ya Kiptum inatoka sasa hivi hapo kwa Bosire, aje ajionee kwa macho yake. Koplo akasema atamaliza chai aje.

Nje, kwenye baraza la mbao, buti zilipanda ngazi. Zilisimama kidogo, mtu akagonga matope kwenye nguzo.

Vidole vya Phelix vilikuwa bado juu ya vitufe. Mama aliviona sasa. Alimtazama yeye, akaitazama mashine, akamtazama tena, kwa uso ule ule wa asubuhi, uso wa mtu aliye tayari kusaidia.

"Ama hii pia," aliuliza, "inataka kuoshwa kwanza?"